Bendera Nyekundu ya Mikokoni

Mama yangu alikuwa mwokota tondo, wale konokono wa kwenye matope ya mikoko, na adui yake mkubwa alikuwa bendera. Ikionekana nyekundu juu ya uwanja wa shabaha, ujue wanajeshi wako mazoezini na mikokoni hapaendeki. Bamvua limefika, maji yamekupwa mpaka mbali, tondo wamejaa, na bendera inapepea. Mama anasimama kizuizini na ndoo yake, anasonya mpaka askari anaona haya.

"Shikamoo mama. Leo tunapiga. Uje kesho."

"Marahaba. Na leo nitawapikia nini wanangu, hizo risasi?"

Sisi wa pembezoni mwa Temeke tuliizoea milio ile. Wanawake ndio walichoka. Walikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa, wakaenda wilayani, wakapiga kelele wee, mpaka mazoezi yakahamishwa. Siku bendera iliposhushwa walichanga mchele, wakapika pilau palepale kizuizini. Mama alicheza mpaka khanga ikamdondoka. Nilicheka sana siku ile, na sasa nikiikumbuka roho inaniuma.

Maana kizuizi nacho kiliondolewa. Wakaja wenye kiwanda na vibali vyao, malori yakamwaga kifusi, mikoko ikafyekwa yote. Sivichukii viwanda, mdogo wangu kaajiriwa humohumo, na mshahara wake tunaula. Lakini hivi kweli, nchi yote hii, pengine palikosekana? Jeshi lilifyatua risasi pale tangu sijazaliwa, na mikoko ilikuwa imesimama.

Kisha Mama akaugua, chakula kikawa hakipiti. Akatamani tondo wa nazi. Nilizunguka masoko nikakosa, nikarudi na kibua wa kwenye barafu, nikamuunga kwa nazi nzito nikidhani nitamdanganya. Alionja kidogo, akaisukuma sahani.

"Tondo hakuna, eti?"

"Hakuna, mama. Mikoko imekwisha."

"Wale askari ndio waliokuwa wakiilinda, mwanangu. Wenyewe hawakujua, na mie sikujua. Nikawafukuza kwa mdomo wangu, nikapiga na vigelegele."

Nilimwambia si kosa lake, kwamba waliouza eneo lile ni wengine kabisa. Nilimwambia siku ile, nikarudia kila nilipomlisha uji. Alikuwa akiitikia kwa kichwa tu, ili ninyamaze. Amekufa hajaniamini.