Maji ya Mwisho Katika Bomba la Bia

Kila baada ya wiki mbili, siku ya Alhamisi, pipa lilipokwisha, mume wangu aliosha bomba la bia. Alianza kazi hiyo mwezi wa Aprili 1958, tulipohamia Port Reitz, na akaiacha Juni 1963, mwajiri wake alipofunga mizigo na kurejea kwao. Mwajiri huyo alikuwa mhandisi wa Kizungu aliyesimamia matangi ya mafuta Changamwe. Sisi tulikaa uani, katika chumba cha watumishi, chumba kimoja chenye dirisha lililotazama baraza la nyumba kubwa.

Tarehe hizi sizitoi kichwani tu. Mume wangu hakuwa msomi, lakini alitundika kalenda nyuma ya mlango wetu, na kila siku ya kuosha aliizungushia duara kwa penseli. Mimi nilijifunza kusoma mwaka 1969, katika kisomo cha ngumbaru, nikiwa mama wa watoto wanne. Kalenda hizo zilikuwa miongoni mwa vitu vya kwanza nilivyovisoma peke yangu, pasipo mwalimu kusimama nyuma yangu. Ninazo zote sita.

Nyumba nyingi za Wazungu zilinunua bia ya chupa. Huyu aliitaka ya pipa, itoke kwenye mfereji wa kufungua na kufunga kama kilabuni kwao. Alijitengenezea mwenyewe, pale barazani, sanduku kubwa la mbao lililopigwa bati kwa ndani. Humo liliwekwa pipa, na kando yake barafu, na katikati ya barafu bomba jembamba lililosokotwa duru nyingi kama kamba iliyokunjwa. Mtungi wa gesi uliisukuma bia kutoka pipani, ikazunguka katika ule ubaridi, ikatokea juu kwenye mfereji wa shaba. Wageni wa Jumamosi walikuja kuutazama mfereji huo kabla hawajakaa.

Wasichokijua wageni ni kwamba bia huacha utando ndani ya bomba. Huuoni kwa jicho. Lakini ukiachwa wiki tatu, nne, bia inayopita hapo huwa na uchungu wa siki, na mwenye nyumba huaibika. Basi mume wangu alipitisha kwanza maji matupu. Kisha aliyeyusha magadi makali, yale ya kutengenezea sabuni, katika maji ya vuguvugu, akayasukuma ndani na kuyaacha yakae kiasi cha kuswali rakaa nne bila haraka. Wakati huo aliufungua mfereji, kila kipande peke yake, akavisugua kwa brashi ndogo na kuvipanga juu ya kitambaa cheupe kwa utaratibu wa kuvirudisha. Mwisho alipitisha maji safi mara tatu. Magadi yale yakibaki bombani humchoma mtu koo, na anayeulizwa ni aliyeosha.

Sisi ni Waislamu wa Likoni, watu wa mashamba. Mume wangu alisoma chuoni, kwa mwalimu wa Kurani, na humo alifundishwa, kama tulivyofundishwa sote, kwamba maji hutambulikana kwa mambo matatu: rangi, harufu na ladha. Likibadilika moja kwa uchafu, hayo si maji ya kutawadhia. Alilipima bomba kwa kanuni hiyo hiyo, wala hakuona ajabu. Rangi aliitazama, harufu aliinusa. Ladha alimwachia mpishi, Mkristo wa upande wa Kaloleni, mtu wa mzaha tangu alfajiri.

"Shehe wa pipa," mpishi aliita kutoka jikoni, "lete bilauri nikutolee fatwa."

"Onja, uache maneno."

Mpishi alisukutua, akatema majanini, akafumba macho kama mtu anayesikiliza jambo la mbali. "Ni maji. Masikini mimi, siku zote unaniletea maji. Hilo pipa likijaa hunijui."

Mume wangu alicheka naye. Lakini jioni, alipovua shati la kazi, lilinuka chachu iliyolala, kwa sababu yale maji ya kwanza yanayotoka bombani humrukia mtu kifuani. Siku alizokwenda kwetu Likoni bila kulibadilisha, alipanda basi na harufu hiyo. Alivuka feri nayo. Mwaka 1960, baada ya mvua za masika, mtu mmoja alikaa karibu naye ndani ya basi, na alipofika Likoni akamwambia baba yangu sokoni, mbele ya watu, kwamba mkwewe ananuka ulevi mchana kweupe.

Baba hakutuma mtu kuniuliza. Alikuja mwenyewe, Alhamisi tarehe 13 Oktoba 1960, yapata saa nne asubuhi.

Siku hiyo mpishi hakuwapo; alikwenda kwao matangani. Mimi nilikuwa nikianika nguo karibu na lango la nyuma, nikamwona baba amesimama nje ya ua, na kanzu yake nyeupe, na kofia. Nilifuta mikono, nikamwendea.

"Shikamoo, Baba."

Hakuitikia. Alikuwa akitazama barazani, juu ya bega langu. Niligeuka. Mume wangu alikuwa amesimama mbele ya ule mfereji wa shaba, na bilauri mkononi. Aliiinua kwenye mwanga, akaipeleka puani, kisha akainywa.

"Yule ni mumeo?"

"Ndiye, Baba."

"Anakunywa nini?"

Nilipaswa kujibu kwa neno moja. Nilikuwa naijua kazi ile hatua kwa hatua; nilikuwa nimeitazama kwa miaka miwili na nusu kupitia dirishani kwangu. Lakini sikuwa nimewahi kumwona akitia mdomoni kitu kilichotoka kwenye mfereji ule, na maneno ya sokoni yalikuwa yameshanifikia mimi pia, kwa njia nyingine. Nilisema, "Sijui."

"Kafunge nguo zako," baba akasema. "Nitakungoja hapa hapa."

Sikubisha. Niliingia chumbani, nikatandika leso yangu ya kujifunga kitandani, nikaanza kupanga juu yake nguo zangu. Nilizikunja vibaya, kwa haraka, kama mtu anayekimbia moto. Nilipokwisha nilifunga fundo. Shati lake jingine la kazi lilikuwa limetundikwa ukutani, na harufu yake, isiyotoka hata kwa kufuliwa, ilikijaza chumba. Nililishika. Ndipo nilipokumbuka jambo ambalo mke hawezi kumwambia baba yake. Harufu ile ilikuwa ya nguo. Usiku wowote tuliolala pamoja haikuwahi kuwa ya pumzi.

Nililiacha furushi pale kitandani, nikaenda barazani.

"Baba yuko langoni," nilimwambia mume wangu. "Amekuona unakunywa."

Aliitazama bilauri, kisha akanitazama mimi. Aliiweka ile chini, akachukua nyingine iliyo safi, akashuka ngazi mpaka langoni.

"Shikamoo, Baba. Karibu uone kazi yangu."

Baba alimfuata mpaka chini ya ngazi, hakupanda. Mume wangu aliurudia mfereji, akaufungua mbele yake, akamletea bilauri imejaa.

"Bomba hili jana lilipitisha nini?" baba akauliza.

"Bia, Baba."

"Na leo?"

"Leo maji, kisha magadi, kisha maji mara tatu. Haya ni ya mara ya tatu."

"Mbona umeyanywa?"

"Anayeonja hayupo leo. Rangi naijua kwa macho, na harufu kwa pua. Ladha haina njia nyingine. Magadi yakibaki, mtu ataungua koo."

"Ukaona yakuunguze wewe."

"Aliyeosha ni mimi, Baba."

Baba aliipokea bilauri. Aliishika mbele ya mkono wa kanzu yake, akaitazama rangi ya maji juu ya ule weupe. Aliyanusa, mara mbili. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya nguzo ya baraza, nimeishika. Kisha alisema bismillahi na kuonja.

"Maji," akasema. "Baridi tu."

Alimrudishia bilauri. Halafu alizungumza taratibu, kama alivyokuwa akizungumza na watoto shambani alipotaka neno lisipotee. "Hunywi. Hilo nimeliona, na nitalisema pale pale liliposemwa. Lakini anayekichukua kileo na anayekimimina nao pia wametajwa katika hadithi, pamoja na mnywaji. Wewe umesoma, unalijua hilo."

"Nalijua, Baba."

"Utaiacha kazi hii?"

Mume wangu hakuwa mtu wa kuahidi jambo ili kumridhisha mkubwa. "Sijui lini," alisema. "Nikisema leo, nitakuwa nimekudanganya."

"Basi hilo ni baina yako na Mola wako. Mimi sikuja kuvunja nyumba isiyo na mlevi." Nilimwomba abaki kwa chakula cha mchana. Alikataa, na aliendelea kukataa chakula cha nyumba ile hadi siku tulipohama. Nilimsindikiza hadi langoni, na hapo tu ndipo alipoitikia salamu yangu ya asubuhi.

"Marahaba," alisema. "Ulisema hujui."

"Ndiyo, Baba."

"Mimi natoka Likoni kwa maneno ya mtu wa basi. Wewe unalala humu." Alikwenda zake kituoni, na kabla ya Ijumaa kwisha alikuwa amesimama pale sokoni na kusema aliloahidi kulisema. Nilisimuliwa na watu wawili waliokuwapo.

Niliporudi chumbani, mume wangu alikuwa ameingia kuchukua kitambaa kikavu. Alisimama kando ya kitanda, mbele ya furushi.

"Ulikuwa unakwenda," alisema. Hakuuliza.

Nilimweleza yote: swali la baba na neno nililolijibu. Ningeweza kuliacha lile neno, kwa kuwa baba asingelisema. Lakini niliona kwamba mtu aliyeyanywa yale maji ili yasimchome mwingine hastahili kufichwa. Nilisimama nikisubiri anikemee, au aniambie kwamba baba bado hajafika mbali, nimfuate.

Alikaa kitandani. Alishughulika na lile fundo kwa muda, maana nilikuwa nimelikaza, na vidole vyake vilikuwa bado vinateleza kwa magadi. Lilipofunguka, alitoa nguo zangu moja moja, akazikunja upya zote nilizozikunja vibaya, akazirudisha sandukuni kwa utaratibu ule ule aliokuwa akivipangia vipande vya mfereji. Leso yenyewe aliikunja mwisho, akanipa mkononi.

"Siku nyingine ukiulizwa," alisema, "sema ngoja nikamwulize."

Kisha alikwenda kulimaliza bomba.