Mteremko Uliomwangusha Mama wa Fundi Adérito

LISBON. Saa mbili asubuhi jua limeshafika kwenye vigae vya mapaa, lakini bado halijateremka hadi chini ya Kichochoro cha Mtungi. Huko chini, kwenye kivuli chenye baridi, Adérito Falcato ameketi juu ya kigoda kifupi, miguu ameitanua, jiwe jeupe la chokaa likiwa kiganjani. Analigeuza. Analipiga nyundo, kipande kinaruka, analigeuza tena. Kisha analipachika mchangani kati ya wenzake na kuligonga kichwani taratibu.

“Jiwe lililokaa vibaya linalia,” anasema bila kuinua uso. “Likikaa sawa linanyamaza. Kama watoto.”

“Ungekuwa umelea watoto wewe, ungejua kwamba hawanyamazi,” anamjibu Nilda Tavares, fundi mwenzake, anayechekecha mchanga hatua chache juu yake.

Dirisha la ghorofa ya tatu linafunguka.

“Adérito! Umekunywa kahawa?”

“Nimekunywa, mama.”

“Na Nilda?”

“Naye amekunywa.”

“Mwongo mkubwa! Niko hapa tangu alfajiri, sijamwona mtu akinywa chochote.”

Kikapu kinashuka kwa kamba kikiyumba pembeni mwa ukuta. Ndani mna chupa ya kahawa na mikate ya jibini. Ni miezi kumi sasa kikapu hicho kinashuka badala ya Mama Hermínia mwenyewe.

Adérito ana umri wa miaka hamsini na nane. Alizaliwa katika nyumba hiyohiyo, kwenye mtaa huuhuu wa Mouraria, ulio nyuma ya kilima cha ngome. Tangu ujana wake kazi yake ni kutandika njia za waenda kwa miguu kwa mawe madogo meupe na meusi. Magoti yote mawili yameshafanyiwa upasuaji. Mshahara hauzidi sana kima cha chini, na vijana wanaoitaka kazi hii ni wa kutafuta kwa tochi. Zamani mafundi wa mawe Lisbon walikuwa mamia. Leo Adérito anawafahamu karibu wote kwa majina, na kwa maumivu ya mgongo ya kila mmoja.

Ukimuuliza kwa nini hakuacha, hazungumzii mawe. Anazungumzia kilicho chini yake.

“Watu wanaujua mji huu kwa kutembea. Mimi naujua kwa kuufunua,” anasema. “Ukienda mtaa wa Alfama, ukibandua mawe, unakuta udongo mgumu wa kilima, na njia inapinda kwa sababu mwamba ulikataa kupisha. Hakuna aliyepanga. Mtu alijenga nyumba, jirani akajenga yake, nafasi iliyobaki katikati ikaitwa njia. Ukishuka bondeni, Baixa, mambo ni tofauti. Pale mtu alishika rula.”

Rula hiyo ilishikwa baada ya asubuhi moja ya mwaka 1755, siku ya Watakatifu Wote, makanisa yakiwa yamejaa na mishumaa ikiwaka. Ardhi ilitetemeka, mto ukafurika hadi mitaani, na moto ukala kilichosalia. Bonde lote kati ya vilima likawa majivu. Waliojenga upya walichora barabara zilizonyooka, nyumba za kimo kimoja, na ndani ya kuta wakaficha mifupa ya mbao ili zikitikiswa zipinde bila kuvunjika. Chini kabisa, mahali penye maji, walikita nguzo za misonobari.

“Nimeinusa ile ardhi,” anasema Adérito. “Ina harufu ya bahari. Unachimba mita moja tu, unasikia uko pwani.”

Mji haukuishia hapo. Karne iliyofuata ulitoka bondeni ukapanda kaskazini kwa barabara pana zenye miti pande zote mbili, ili wenye magari ya farasi wapate pa kujionyesha. Ni katika karne hiyohiyo wafungwa wa ngomeni waliwekwa kutandika mawe meupe na meusi, na wenye mji wakapendezwa, wakayataka kila mahali. Kisha, katikati ya karne ya ishirini, sehemu ya chini ya Mouraria ikabomolewa, nyumba na kanisa, kupisha uwanja ambao kwa miaka mingi hakuna aliyejua uwe nini.

Mama Hermínia, mwenye miaka themanini na minne, aliuona ubomoaji huo akiwa mtoto. “Tulikuwa tukikaa juu ya kifusi tunakula zabibu,” anasema. “Tulidhani ni mchezo. Mama yangu ndiye aliyekuwa akilia.”

Yeye hakuhama. Kila asubuhi alishuka kichochoro kwenda kununua mkate na kusema na watu, akapanda tena, hadi Juni iliyopita.

Siku hiyo mvua nyepesi ilikuwa imepita. Katikati ya kichochoro kuna mahali ambapo mawe huzama kila mwaka. Yakirekebishwa mwaka huu, mwakani yamebonyea tena, na maji yakituama pale yanateleza kama sabuni. Mafundi wengi walishaparekebisha, Adérito akiwa mmoja wao. Mama Hermínia alikanyaga hapo akiwa na mfuko wa mkate, mguu ukamtoroka. Nyonga ikavunjika.

Adérito alipigiwa simu akiwa Baixa, kigodani, jiwe mkononi. Alipanda kilima akikimbia na magoti yale yale mabovu. Alimkuta mama yake amelala chali, majirani wamemwekea koti chini ya kichwa.

“Nilimwuliza, mama, umeumia wapi? Akaniambia, ‘Niulize nimeangushwa na nani. Nimeangushwa na kazi ya mwanangu.’ Halafu akacheka. Alicheka huku machozi yanamtoka. Afadhali angenitukana.”

Wiki chache baadaye wakazi waliitisha mkutano katika ukumbi wa klabu ya mtaa. Mama Hermínia hakuwa wa kwanza kuanguka. Walitaka mawe yang'olewe, limwagwe zege. Custódio Ramalho, mwenye duka la mboga chini ya kichochoro, ndiye aliyesema kwa sauti kubwa zaidi.

“Mawe ni mazuri, sikatai,” alisema. “Yapigeni picha, muyatundike ukutani. Lakini huku chini tunataka kutembea!”

Watu wakapiga makofi. Kisha macho yote yakamgeukia Adérito. Walijua atayatetea. Miaka yote amekuwa akiyatetea kwenye baa, kinyozini, hata misibani.

Alisimama.

“Yang'oeni,” alisema. “Na kazi hiyo nipeni mimi.”

Nilda, aliyekuwa ameketi karibu na mlango, anasema alishindwa kumtazama. “Nilihisi kama namsikia mtu akikubali kumchinja farasi wake.”

Manispaa iliafiki, na mwezi Oktoba wawili hao wakaanza kazi, kutoka chini kwenda juu. Adérito aling'oa mawe akiyapanga pembeni kana kwamba yangehitajika tena. Siku ya tatu walifika pale panapozama. Chini ya mchanga hapakuwa na udongo wa kilima alioutarajia. Palikuwa na kifusi kilicholegea: vigae vilivyovunjika, chokaa iliyoungua, vipande vya mitungi. Nilda alichomeka koleo, likagonga kitu na kutoa sauti kavu.

“Huo ni mwamba,” alisema Nilda.

“Mwamba haunyooki hivyo,” alijibu Adérito, akapiga magoti, akasahau kwamba daktari amemkataza kupiga magoti, akaanza kufuta kwa mikono.

Ulikuwa ukingo wa jiwe refu, ulioliwa katikati kama kijiko. Juu yake kidogo, ukingo mwingine. Na mwingine. Kichochoro cha Mtungi, ambacho kila aliye hai alikijua kama mteremko, kilikuwa kimelalia ngazi.

“Za Wamori!” Adérito alipaza sauti hadi madirisha yakafunguka. “Nilda, hizi ni za Wamori! Miaka mia tisa!” Wamori ni Waislamu walioutawala mji huu kabla ya wafalme Wakristo.

Kazi ikasimama, kama sheria inavyotaka, akaitwa mtaalamu wa mambo ya kale, Violante Quaresma. Alishuka shimoni na brashi yake, akakaa humo kutwa. Jioni Adérito alimsubiri kama anayesubiri majibu ya hospitali.

“Samahani, fundi,” alimwambia. “Nimekupunguzia miaka mia nne au mia tano hivi. Wamori walikuwa wameshaondoka zamani ngazi hizi zilipojengwa.”

“Una hakika, mtaalamu?”

“Angalia chini ya hatua ya kwanza. Kuna vipande vya sahani za buluu. Sahani haziwezi kuingia chini ya jiwe baada ya jiwe kuwekwa.”

Adérito anapokisimulia kisa hicho hujicheka hadi anafuta macho. “Nilikuwa nimeshakitangazia kichochoro kizima! Custódio mpaka leo ananiita Sultani.”

Swali lililobaki ndilo lililomkosesha usingizi: nani hufukia ngazi nzuri, na kwa nini? Violante anadhani jibu limo ndani ya kifusi chenyewe. Chokaa iliyoungua na vigae vilivyopasuka vinafanana na mabaki ya tetemeko lile kubwa. Kuta zilizoanguka zilipaswa kupelekwa mahali, na wakazi huenda walizisukuma hapo hapo, wakasawazisha, wakapata mteremko wa kupitisha mikokoteni. Lakini anatahadharisha kuwa ni dhana tu. Kuhusu kuzama hana shaka: kila mvua iliponyesha, maji yalipenya na kukiondoa kifusi kidogo kidogo kati ya hatua na hatua.

Jioni hiyo Adérito alipanda ghorofa ya tatu, akamkuta mama yake anakunywa supu ya kabichi.

“Mama, chini ya njia kuna ngazi.”

Mama Hermínia aliweka kijiko chini. “Basi bibi yangu hakuwa amechanganyikiwa.”

“Bibi yako vipi?”

“Alikuwa akinituma, ‘Shuka ngazi ukalete mkate.’ Namwambia, bibi, ngazi ziko wapi? Ananipiga kofi, ‘Nami niliambiwa hivyo hivyo, shuka ngazi!’ Nikajua ni uzee.” Alikigeuza kijiko mezani. “Nilimcheka sana yule mwanamke.”

Si wote waliofurahishwa na ugunduzi huo. Shimo lilikaa wazi majira yote ya baridi. Mkokoteni wa Custódio ulizunguka mtaa mzima kufikisha viazi. “Mlitukuta na mteremko mbaya, mmetuachia handaki,” alilalamika. Na ilipopendekezwa ngazi zirudishwe, yeye ndiye aliyekataa kwanza: ngazi zingewafaa wazee, lakini yeye na akina mama wenye vigari vya watoto wapite wapi?

Adérito anakiri kwamba swali hilo halikuwa la kijinga. Mji umekuwa ukilijibu kwa namna tofauti kila karne, mara kwa mwenye miguu, mara kwa mwenye magurudumu. Baada ya kuvutana kwingi, Violante, manispaa na wakazi walikubaliana kukigawa kichochoro kwa urefu wake. Upande mmoja ngazi, zile za zamani zilizo imara zikibaki wazi, zilizoharibika zikijengwa upya juu ya msingi ule ule, na vyuma vya kushikilia ukutani. Upande wa pili mteremko, na juu yake mawe yaleyale ya Adérito, safari hii yakichanganywa na mawe meusi yaliyochongwa uso wa kukwaruza. Zege halikumwagwa.

Mchana wa Alhamisi, siku chache baada ya asubuhi ile ya kikapu, jiwe la mwisho limeshanyamaza. Nilda anamwaga maji na kufagia mchanga. Hakuna utepe wala hotuba. Mlango wa nyumba unafunguka, na kwenye kizingiti amesimama Mama Hermínia, koti la kanisani mwilini, mkongojo mkononi, anahema kwa kushuka ghorofa tatu.

Adérito anamkimbilia na kumpa mkono.

“Ondoa mkono wako.”

“Mama, daktari alisema...”

“Daktari anakaa mtaa wa Benfica, kwenye lifti. Ondoa.”

Anashika chuma. Anagusa hatua ya kwanza kwa mkongojo, kisha kwa ncha ya kiatu, kama anayepima maji ya kuoga. Anashuka. Custódio ametoka dukani na aproni yake, amesimama mdomo wazi. Mama anatua katikati, palepale alipoangukia, anavuta pumzi, anatazama chini muda mrefu. Kisha anaendelea.

Anapofika chini, Custódio anamwekea kreti la machungwa akalie. Adérito amegeukia ukuta, anajifanya anakagua kiungo cha chuma. Mabega yake yanatikisika. Nilda anampiga kofi la mgongo kwa mkono uliojaa mchanga.

Akishatulia, anamweleza mwandishi mipango yake. Amebakiza miaka michache kazini, na hapo jirani kuna kichochoro kingine chenye pahala panapozama. “Nataka kujua kuna nini chini,” anasema. “Sitasema ni cha nani. Nimejifunza.”

Lakini kuna jambo la mapema zaidi. Mwezi Juni, sikukuu ya Mtakatifu Antoni, mitaa ikinuka dagaa wa kuchoma, anataka kumtembeza mama yake kwa miguu hadi mtoni: chini ya kilima, kupita uwanja uliokuwa kanisa, kisha zile barabara zilizonyooka za Baixa, mwanzo hadi mwisho. Mama hajauona mto, na huu ni mwaka wa pili.

“Tutakwenda polepole, mama,” anamwambia. “Tutapumzika njiani. Tutafika.”

Mama Hermínia anamenya chungwa, anamtazama magoti.

“Mimi nitafika,” anasema. “Wewe utanikuta nimeshakaa.”