Mama mkwe, picha ya mgongo, na swali lililonishinda kutafsiri

Wakuu, habari za huko kwenu. Leo sina siasa. Nawapa yaliyonikuta mimi mwenyewe, na chumvi sijaongeza.

Enzi zile za simu ndogo za tochi, mulika mwizi, mama mkwe wangu kule Bungoma aliumwa na mgongo kwa miezi. Ati ni jembe, ati ni uzee. Alimeza dawa za maumivu mpaka akazichoka. Hata akilala uliuma. Akakonda, kisha miguu ikaanza kufa ganzi, ikawa hasimami bila kushikwa.

Mke wangu Nekesa alikuwa amejifungua majuzi tu hapa Matisi, pembeni mwa Kitale. Sasa nani wa kumleta mamake hospitali Kitale? Si ni mimi.

Kwa wasiojua, sisi Wabukusu mama mkwe humpi mkono, na hata kumtazama usoni ni shida. Nilipofika kwake, majirani wakamweka kiti cha nyuma cha teksi, mimi nikakaa mbele. Mpaka tunapita Kiminini macho yangu yalikuwa barabarani tu.

Daktari hakujua Kibukusu, na Kiswahili cha mama ni cha sokoni tu. Nikawa mkalimani. Tulienda vizuri mpaka daktari akaniambia, "Muulize kama mkojo unamtoka bila kujua."

Bana, swali hilo mkwe hamuulizi mama mkwe. Mama alishalisikia neno mkojo. Akajifunika uso na leso, akatikisa kichwa. Daktari akashika kalamu aandike dawa za maumivu tena.

Hiyo hapana sikuiamini. Nikamwambia, "Daktari, huyu ni mama mkwe wangu. Nikiwa hapa hawezi kukujibu."

Nikatoka, nikamtafuta nesi Mbukusu akaingia mahali pangu.

Punde daktari akatoka mbio. Kumbe mkojo ulikuwa unamtoka, na alikuwa anaficha. Akanieleza kwamba mgongo kuuma tu si lazima upigwe picha, lakini miguu ikiisha nguvu na mkojo ukijitokea, ni lazima, tena leo, la sivyo hatatembea tena.

Tukakimbia Eldoret kwa MRI, ile picha ya kuonyesha ndani ya mgongo. Ikaonyesha TB imekula mfupa na inabana uti wa mgongo. Akapasuliwa, akameza dawa za TB mpaka zikaisha. Nashukuru Mungu, nashukuru daktari aliyekubali kusikiza, na yule nesi abarikiwe popote alipo.

Wakuu, mgonjwa akisema hapana, angalieni kwanza nani yuko chumbani. Na ambaye mzee wake aliambiwa ni uzee tu, atuambie hapa iliishaje.

Mama alipopona alikuja kuona mjukuu, kwa miguu yake kutoka stage ya matatu. Nikachomoka kwa mlango wa nyuma tusikutane. Nikasimama huko nje, nasikia hatua zake zikipita sebuleni, machozi yananitoka, na sikuona haya.