Mfamasia Aliyetoka Dirishani

Jerioth Awino alikuwa na kinyongo, na hakukificha hata kanisani. Kilianza miaka ile dhahabu ilipowatia watu wazimu Tarime, hata walimu wakaacha chaki wakashika sururu. Mdogo wake, Orwa, alikuwa akichoma dhahabu kwa zebaki huko Kewanja, na sumu ile ikamla figo. Alipougua homa kali, alilazwa katika hospitali ambako dada yake alikuwa mfamasia. Siku hizo mfamasia alikaa nyuma ya dirisha, akitoa kilichoandikwa.

Cheti cha dawa kikafika: gentamisini, dawa ya sindano inayoweza kuumiza figo, tena dozi ya mtu mwenye figo nzima. Jerioth akakimbia nacho mpaka kwa Daktari Magige.

"Daktari, figo zake hazitaibeba hii."

Magige hakuinua hata uso. "Nani kakuita wodini? Rudi dirishani ukatoe dawa."

Akarudi, akatoa. Hilo ndilo lililomuuma kuliko yote, kwamba mkono ulikuwa wake. Siku ya tisa Orwa akafa.

Jerioth akaenda kusoma tena. Aliporudi, utaratibu ulikuwa umebadilika: mfamasia anazunguka na madaktari kitanda kwa kitanda, anasoma faili, na neno lake linaandikwa. Basi kila asubuhi akawa ubavuni mwa Magige.

"Daktari, hizi dawa mbili hazipatani."

"Daktari, hapa umezidisha."

Mbele ya wauguzi, mbele ya wanafunzi. Hakumsingizia hata mara moja. Hakuwa na haja. Siku aliyomkosoa mara tatu, alikula ugali kwa hamu.

Kisha akaletwa Bibi Boke kutoka Nyamwaga, mwenye kisukari cha siku nyingi na sasa homa kali. Alikuwa mama mzazi wa Magige. Kwa hofu, mwanawe akamwandikia dawa bila kungoja mtu. Jerioth akafungua faili. Gentamisini ileile, dozi ileile, na majibu ya figo mabaya yamebanwa nyuma ya karatasi.

Moyo ukamwambia: nyamaza. Muuguzi Veronika alikuwa tayari anavuta dawa kwenye bomba la sindano. Jerioth akamtazama, akahesabu pumzi zake mwenyewe.

"Hujambo, mwanangu?" Bibi Boke akamsalimu kutoka kitandani.

"Shikamoo, mama." Akageuka. "Veronika, weka chini hiyo sindano."

Akamwonyesha Magige majibu. Daktari akayasoma, jasho likamtoka.

"Nimpe nini basi, dada?"

"Kwanza taja mgonjwa uliyemwandikia hivihivi."

Wauguzi wakageuka kutazama.

"Orwa," akanong'ona.

"Hawajakusikia."

"Orwa Ojwang!"

Ndipo Jerioth akamtajia dawa na kipimo chake.

Bibi Boke alipona. Magige alikuja kuomba msamaha. "Mama yangu yuko Sirari," Jerioth akamjibu. "Kamwombe yeye." Hakwenda; aliomba uhamisho. Siku alipoondoka, Jerioth alimpigia simu mfamasia wa huko alikopelekwa.

"Anakuja kwenu Magige," akasema. "Usiache faili lake hata moja bila kulisoma."