Kaa Chini, Mama

Watu wakiniuliza kwa nini nilisomea sheria, hutegemea niseme neno haki. Huwa nawaachia waamini hivyo, kwa sababu wengi ni wageni na wamekuja kunywa chai. Ukweli ni kwamba nilisomea sheria ili niwapate watu wawili: baba yangu mdogo, na hakimu wa mahakama ya mwanzo aliyemsaidia kumfukuza mama yangu.

Tulikuwa tukiishi Uyole, siku ambazo barabara kuu ilikuwa bado ya vumbi. Baba alipofariki, mdogo wake alitaka kumrithi mama kama walivyofanya wengine katika ukoo. Mama akakataa. Hakugomba na mtu, alisema tu kwamba ameolewa mara moja na inatosha. Baba mdogo akaenda mahakamani kudai nyumba na shamba la pareto, na mimi, nikiwa na sare yangu ya shule, nikakaa benchi la nyuma nisikilize. Hakimu alimsikiliza baba mdogo mpaka akamaliza. Akawasikiliza wazee wa ukoo mmoja mmoja. Halafu mama akasimama, na kabla hajafungua kinywa hakimu akakohoa kidogo, akamwambia, "Kaa chini, mama, tumekwishakusikia."

Alikuwa hajasema neno. Alikaa. Akahukumiwa kwamba mwanamke aliyeukataa ukoo hana chake katika ukoo, tukahamia Iringa kwa wajomba zangu, yeye na sufuria zake, mimi na hasira yangu. Nyuma ya nyumba ile tulimwacha baba, na kando yake mdogo wangu aliyekufa akiwa bado ananyonya.

Hasira ile nilisoma nayo, nikafaulu nayo, na miaka ya sabini ilipoanza nilikuwa nafundisha sheria chuo kikuu, wanafunzi wakinong'ona kwamba nimekula pilipili. Jumamosi niliwasaidia watu wasioweza kumlipa wakili, wengi wao wajane, na rufani zao nilizipigania kama vile kila shemeji aliyesimama upande wa pili ni baba yangu mdogo. Sheria mpya ya ndoa ilipopita, nikaingizwa katika kamati ya kuandaa mwongozo wa mahakimu. Nilishikilia sentensi moja: mjane asikilizwe kabla ya kuamuliwa. Mwenyekiti alinitazama kwa huruma.

"Ndugu yangu, hilo mbona linajulikana?"

"Linajulikana, Ndugu Mwenyekiti, ila halifanyiki."

Sentensi ikaingia. Wenzangu walidhani nimeiandika kwa ajili ya taifa, lakini mimi nilikuwa namwandikia mtu mmoja.

Mtu huyo, hakimu aliyemkalisha mama, nilimkuta Iringa, katika semina ya mahakimu wa mahakama za mwanzo wa mikoa ya kusini, mimi nikiwa mwalimu. Ulikuwa mwezi wa saba, baridi inakata masikio, na kila mtu amejikunyata ndani ya sweta. Nilimtambua kwa kikohozi. Alikuwa na kikohozi kidogo cha kutengeneza njia kabla ya kusema, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba yake mwenyewe. Yeye hakunitambua, na kwa nini anitambue? Mtoto wa benchi la nyuma haonekani kutoka kwenye meza ya hakimu.

Siku ya kwanza niliuliza darasa: kwa kuwa mawakili hawaruhusiwi katika mahakama ya mwanzo, ni nani anaweza kumsemea mwenye kesi? Akakohoa, akanyoosha mkono, akajibu kwamba ndugu yake au mtu wa nyumbani kwake anaweza, mahakama ikiridhia. Nikamsifu mbele ya wenzake.

Siku iliyofuata tukafanya mahakama ya mazoezi. Kesi niliitunga mwenyewe, ya mjane na shemeji yake. Hakimu nikamteua kijana mmoja wa Makongolosi, aliyezoea kuamua ugomvi wa wachimba dhahabu, na wakati wa chai nilimfundisha la kusema. Mjane nikamteua yule wangu. Mpishi akatuazima khanga, tukamfunga mabegani, ukumbi mzima ukacheka na yeye akacheka nao.

Akasimama. Akakohoa.

"Kaa chini, mama, tumekwishakusikia," akasema kijana wa Makongolosi.

Wakacheka tena. Akasimama mara ya pili, akaambiwa vilevile. Safari ya tatu hakucheka. Aliivua khanga, akaitupa juu ya meza.

"Huu si utaratibu. Mimi sijasema kitu! Mtu hawezi kuhukumiwa bila kusikilizwa."

Nikageuka, nikaiandika sentensi yake ubaoni kwa herufi kubwa, nikawaambia wote wainakili. Nilifurahi, wala sioni haya kusema. Nilifurahi mpaka chakula cha mchana kikanishinda. Lakini sikumwambia mimi ni mtoto wa nani, kwa sababu nilitaka aje alijue akiwa mezani kwake.

Nafasi hiyo nilipewa na baba mdogo mwenyewe. Lami ilikuwa imefika Uyole na malori ya Zambia yanapita mchana kutwa, naye akatamani duka kando ya barabara. Akaona avunje nyumba yetu apate tofali. Mama alikuwa ametoka Iringa kwenda kupalilia makaburi, kama alivyofanya kila mvua zikiisha. Aliposikia nyundo akaketi mlangoni, akakataa kutoka. Baba mdogo akamshtaki, na mahakama aliichagua kwa makusudi, ile ile ya mwanzo, ya hakimu yule yule. Habari zikanifikia kwamba anatamba sokoni: "Huyo binti yake wakili sijui mwalimu, atabaki nje na mwavuli wake. Pale mawakili hawakanyagi."

Nilipanda basi. Kule Ruaha Mbuyuni nilinunua vitunguu vya mama kupitia dirishani, na njia yote nilikuwa nikitunga hotuba, ingawa kwa kweli nilikuwa nimeitunga tangu utotoni.

Hakimu aliponiona akatabasamu. "Mwalimu, karibu sana. Ila sheria unaijua kuliko mimi. Mawakili hapa hapana."

Baba mdogo akatazama juu kwa raha.

"Sikuja kama wakili, Bwana Hakimu. Nimekuja kama mtoto wa mdaiwa."

Hakimu akanitazama, akamtazama mama, akanirudia mimi. Nilimwona akirudi nyuma taratibu, miaka yote ile, mpaka kwenye benchi la nyuma. Akakohoa, akafungua daftari lake la kesi.

"Nani anaruhusiwa kusema, ulitueleza vizuri sana Iringa," nikaongeza.

Washauri wa mahakama, wazee wawili waliokaa pembeni yake, wakamgeukia wasikie. Akaandika kwamba ameridhia. Nikanyoosha koti, nikafungua kinywa. Ndipo mama akanishika mkono wa koti.

"Kaa, mwanangu. Nitasema mwenyewe."

Nilikasirika, nusura nimkatalie. Hotuba ile ilikuwa yangu! Lakini nikakaa, benchi la mbele safari hii, nikamkazia hakimu macho, na sikuyaondoa.

Mama akasema. "Hii nyumba tofali zake nimefyatua mimi. Maji nachota mtoni, mimba iko tumboni. Marehemu alikuwa barabarani na kibarua chake, huyu shemeji alikuwa hata kujenga hajui." Akaeleza udongo ulichimbwa wapi, nani alikuja kusaidia kuezeka, alipika nini siku hiyo. Akaeleza mtoto alivyougua. Kila hakimu aliponyanyua kalamu kama mtu anayetaka kukatiza, alikutana na macho yangu akaishusha. Chai yake iliganda utando. Majirani wakaitwa, wakasema tofali ni za mama. Jua lilikuwa limehama dirisha mama alipoketi kwa hiari yake.

Hakimu na washauri wake wakaamua kwamba, kwa kuwa mara ya kwanza hakusikilizwa, nyumba ni yake na makaburi asizuiwe. Shamba la pareto lilibaki kwa ukoo, na kila nikipita pale hulitazama kwa jicho baya.

Likizo iliyofuata nilikwenda Uyole. Mama alikuwa ameketi kizingitini akichambua maharage, mimi niko ndani nakuna nazi ya dukani. Nikasikia mtu anabisha. Alikuwa baba mdogo, kofia mkononi. Tangu hukumu ile watu walikuwa wameacha kumwita kwenye vikao, na alitaka mama amsamehe mbele yao.

"Shemeji," akaanza, "mimi siku zile nilikuwa..."

Mama akamsogezea kigoda kwa mguu.

"Kaa chini, shemeji. Nimekwishakusikia."

Akakaa. Mama akaendelea na maharage yake, anatoa kokoto moja moja, mpaka ungo ukaisha, kisha akainuka akaingia ndani na kurudisha mlango. Mlo wa jioni ile niliomba kuongezewa.