Nilivyotupia habari ya uyoga na ini kwenye group la ukoo, mjomba akagoma kwenda hospitali

Wakuu, wakubwa shikamooni, wengine mambo vipi.

Hii siyo chai. Imetokea kwetu Kinole, na mjinga wa kisa hiki ni mimi mwenyewe.

Mjomba wangu Shabani, kaka yake mama, alipimwa mjini akaonekana ana uvimbe kwenye ini. Dokta akamwambia arudi baada ya wiki mbili kwa vipimo vikubwa.

Mimi natengeneza simu huku mjini, Msamvu, bando haliniishii. Nikakutana na habari kwamba kuna kitu ndani ya uyoga kinaweza kupunguza kasi ya seli za saratani ya ini. Nikasoma mistari mitatu, nikaitupia kwenye group la ukoo.

Jamani!

Masika ilikuwa imechanganya, uyoga umejaa mlimani. Mama wadogo wote wakapanda na vikapu. Mjomba akawa anakula uyoga asubuhi, mchana na jioni. Na huyu ni mtu aliyekuwa anauita chakula cha konokono.

Siku ya hospitali ikafika, akagoma. "Mpwa wangu amesoma. Dawa ninayo, dokta wa nini?"

Ndipo nikarudi kuisoma habari yote. Kumbe walijaribu kwenye seli za maabara tu, siyo kwa mtu. Nikapanda Kinole mbio kumweleza, hakunisikiliza.

Niliogopa sana wakuu. Nilijiona muuaji.

Na kwetu huwezi kumwambia mzee mgonjwa "utakufa". Mwenye ruhusa hiyo ni mtani peke yake. Sisi Waluguru watani wetu ni Wanyamwezi, basi nikampigia Mzee Maganga, Mnyamwezi mstaafu wa reli kule Ngerengere, mtani wake wa miaka mingi.

Kesho yake akaja na futi ya fundi cherehani. Hata salamu hakutoa, akaanza kumpima mjomba pale pale kwenye mkeka.

"Unapima nini?"

"Kaburi. Huku kwenu mawe matupu, bora nianze kuchimba mapema. Na ukishazikwa, lile koti lako ni langu."

"Mnyamwezi, mimi sifi!"

"Usinipotezee muda. Twende dokta akataje siku, nina mambo yangu."

Mtani hakasirikiwi, mnajua. Mjomba akadai kofia yake. "Twende! Nataka dokta akwambie mbele yangu kwamba nitakuzika wewe!"

Dokta alipouliza nani alimshauri asirudi, mjomba akaninyooshea kidole. "Huyu hapa, profesa."

Dokta akanitazama. "Kijana, mjomba wako siyo kisahani cha maabara. Uyoga ale kama mboga, matibabu yaendelee."

Ilikuwa saratani kweli, ila imewahiwa. Wakampangia operesheni.

Siku hiyo Mzee Maganga alishinda korido akiwauliza manesi wanauza wapi jeneza la bei poa. Nesi alipotoka kusema imeenda vizuri, mzee akakaa chini sakafuni akalia kwa sauti. Kisha akajifuta, akaninong'oneza: "Usimwambie Mluguru."

Nilichojifunza: soma habari mpaka mwisho kabla hujaituma kwa mgonjwa.

Mwenye uzoefu wa kuuguza mgonjwa wa ini aseme, bado tuna kliniki za kuhudhuria.

Ila anayemfahamu mjomba wangu, tafadhali, kile kilio cha korido sijamwambia mpaka leo.