Nani Alizianua Karafuu Zangu?

Jamani, nimemkosea jirani yangu Mzee Faki, na nimekuja kulijua leo, mbele ya darasa zima.

Mie mtunza bustani tu hapa chuoni. Asubuhi Bi Asha, mwalimu wa sheria, kaniita. Wanafunzi wake wanajifunza kumhoji shahidi, wanataka mtu wa kumhoji.

"Toa kisa chochote, Kombo."

Nikatoa kile ninachokisema barazani mwezi mzima: Mzee Faki kaniibia karafuu nilizozianika uwanjani.

Akainuka binti mmoja, mpole hasa.

"Mzee Kombo, ulimwona akiiba?"

"Nikitoka kazini, nilimwona anatoka uwanjani kwangu na pakacha."

"Mvua ilinyesha siku hiyo?"

"Tena kubwa!"

"Karafuu ulizikuta wapi?"

"Bandani, kavu. Ila zimepungua."

"Nyumbani alikuwepo nani?"

"Hakuna. Mie kazini, mke wangu harusini Wesha."

"Basi nani alizianua?"

Yakhe, nikabaki kukohoa.

Sauti ikatoka nyuma: "Shahidi apewe maji!"

Walicheka, na mie nikacheka, huku jasho lanitoka.

Mzee Faki kaniokolea karafuu zangu na mvua, kwa pakacha lile lile kazitia bandani. Zilizopungua zimekwenda na maji. Nami nikamwita mwizi, hata barazani kaacha kuja.

Haya, nichekeni, nastahiki.

Ila Ijumaa hii, tukishatoka msikitini, nakwenda kumchukua kwake. Na palepale barazani nilipomwita mwizi, nitamwomba radhi mbele yenu. Nyote mlionisikia mwanzo, njooni mnisikie tena.